Ustadhi mchana, simu usiku

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Nina miaka 34, nina mke na watoto wawili. Imamu wetu akisafiri mimi ndiye ninayeswalisha, na watu wameshazoea kuniita ustadhi. Shida yangu ni usiku. Nyumba ikishalala nabaki na simu, naangalia mambo ambayo naona haya hata kuyaandika. Alfajiri naoga, natubu, naenda kuswalisha. Zikipita wiki mbili narudi kule kule. Ijumaa iliyopita khatibu alituusia taqwa, yaani ucha Mungu, nikahisi ananisema mimi. Nafikiria kujitoa kwenye kuswalisha na kuwaambia watu kwamba mimi siye wanayemdhania. Je, mimi ni mnafiki?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilitaka kukukaripia, ndiyo kazi tuliyoizoea sisi wenye vilemba. Kisha nikakumbuka alivyosema mwanachuoni wa kale Hasan al-Basri kuhusu unafiki: hauogopi ila muumini, wala hajioni kasalimika nao ila mnafiki. Basi hilo jina usijipe.

Lakini sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Fungua sura ya Aal-Imran, aya ya 133 mpaka ya 135. Mwenyezi Mungu anaitaja Pepo iliyoandaliwa wacha Mungu, kisha anawaeleza ni nani: wanaotoa wakiwa nacho na wakiwa hawana, wanaomeza hasira, wanaosamehe watu. Ungetarajia iendelee kwa kusema hawakosei. Haisemi hivyo. Inasema wakifanya uchafu au wakijidhulumu nafsi zao, humkumbuka Mwenyezi Mungu wakaomba msamaha. Hapo umo. Ila aya haijaisha: wala hawashikilii waliyoyatenda nao wanajua. Hapo ndipo panapokubana wewe, maana wiki mbili zako zimeshakuwa ratiba.

Neno lenyewe taqwa asili yake ni kujikinga. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alimuuliza sahaba mwenzake Ubayy bin Kaab maana yake. Ubayy akamuuliza: Hujapata kupita njia yenye miiba? Akasema nimepita. Ulifanyaje? Nilipandisha nguo nikajihadhari. Akamwambia: Hiyo ndiyo taqwa. Mtu aliyepandisha nguo anajua miiba iko wapi. Wewe unajua ya kwako iko wapi, saa ngapi, na mkono gani unaishika, na bado unailaza chini ya mto.

Nabii Yusuf (A.S.), mke wa bwana wake alipofunga milango na kumtaka, alisema "Najikinga kwa Mwenyezi Mungu." Alikuwa nabii, na bado hakukaa pale kuipima imani yake. Qur'ani inasema wote wawili walikimbilia mlangoni, na kanzu yake ikachanwa kwa nyuma. Nawe kimbia kwa miguu. Simu ilale chumba kingine, ununue saa ya kukuamshia. Mkeo akilala na wewe ulale. Ukiteleza, usingoje Alfajiri: inuka wakati huo huo, tawadha, swali rakaa mbili. Mtume (S.A.W.) alimuusia sahaba wake Abu Dharr amche Mungu popote alipo, na auandamishe ubaya kwa wema utakaoufuta.

Kuhusu kujitoa, nikupe langu. Deni lake limeshalipwa, ndiyo maana nathubutu kulitaja. Miaka 11 nilifundisha watoto tajwidi, yaani kuisoma Qur'ani kwa usahihi, kwa kitabu cha kuazima. Jina la mwenyewe liko ukurasa wa kwanza, kwa penseli, na kila mwaka nilikuwa na somo la amana, na kitabu ni kile kile mkononi. Siku moja mtoto akauliza, "Maalimu, hili ni jina la nani?" Usiku ule sikulala. Nikawaza kuacha kufundisha, mtu kama mimi ana haki gani? Asubuhi nikaona upumbavu wangu: watoto wangekosa somo, na kitabu bado kingekuwa kwangu. Mwenyewe alikwisha fariki. Nikawatafuta warithi wake nikawakabidhi, nikaomba radhi. Walishangaa, wao hawakujua hata kama kipo. Darasani nikarudi siku ile ile, bila kitabu.

Basi usiache kuswalisha, acha simu. Mwanachuoni wa kale Fudhayl bin Iyadh alisema kuacha amali kwa ajili ya watu ni riya, yaani kujionyesha. Wala usisimame mbele ya jamaa kujieleza. Mwenyezi Mungu amekusitiri, na Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa umma wake wote una msamaha isipokuwa wanaojitangaza. Ukiona peke yako huwezi, mtafute mtu mmoja mzima, msiri, akusaidie bila ya kumsimulia yote.

SWALI: Sheikh, mume wangu haswali. Nikimkumbusha hujigusa kifuani akasema, "Mtume kasema taqwa iko hapa." Nimjibu nini?

JIBU: Hadithi ni sahihi, ameipokea Imamu Muslim katika kitabu chake cha hadithi, na Mtume (S.A.W.) aliashiria kifua chake mara tatu. Mumeo ameinyofoa katikati tu. Kabla ya hapo inasema Muislamu ni ndugu wa Muislamu, hamdhulumu, hamtupi, wala hamdharau. Na baada ya kifua inasema yamtosha mtu shari kumdharau nduguye. Imekuja kutuzuia tusiwapime watu kwa mavazi na sura. Swala haimo katika kilichosamehewa hapo. Na mwenye kifua kile ndiye aliyesimama usiku akiswali mpaka miguu yake ikavimba.

Mweleze hivyo mara moja, kwa upole, watoto wasiwepo. Baada ya hapo usimhutubie tena, bibi, hotuba za nyumbani huota usugu. Wakati wa swala ukiingia tandika mswala wake mbele ya wako, kisha umwambie unamngoja akuswalishe.