Kabla ya Kukokotoa Kasi ya Mawimbi ya Tetemeko, Uliza ni Kasi ya Nini

Katika kazi yangu ya kupima miamba hapa Dodoma nimeona kwamba wanaoanza fani hii hawakwamishwi na hesabu, bali na swali linaloitangulia: kasi inayozungumzwa ni ya nini? Wimbi linalopita kwenye graniti ngumu huenda karibu kilomita 6 kwa sekunde, ilhali ardhi yenyewe, hata katika tetemeko linalopasua kuta, huyumba kwa sentimita chache au makumi ya sentimita kwa sekunde. Jiofoni tunazochomeka ardhini hupima huko kuyumba. Kasi ya wimbi tunaipata kwa kugawa umbali kwa muda.

Jifunzeni kwa nyundo. Laza bamba la chuma chini, panga jiofoni kwenye mstari ulionyooka, piga bamba, kisha soma wimbi limefika saa ngapi kwa kila jiofoni. Ile iliyo mita 10 ikilipokea baada ya milisekunde 25, udongo wa juu unapitisha wimbi kwa mita 400 kwa sekunde, mwendo unaozidi kidogo tu ule wa sauti hewani. Mbele zaidi, wimbi lililoshuka hadi kwenye graniti hulitangulia lililopita juu, kama basi linalozunguka kwa lami likampita aliyekata njia ya vumbi. Hapo mstari wa grafu ya muda dhidi ya umbali hupinda, na pindo hilo ndilo linalokupa kina cha mwamba. Mchoro huu uchorwe kwanza kwa penseli. Kompyuta itakupa jibu hata pale uliposoma muda vibaya.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba uzito wa mwamba hauongezi kasi. Kasi ya wimbi la S, lile linalotikisa mwamba kwa upande, ni kipeuo cha pili cha ugumu wa mwamba dhidi ya kupindwa, ukigawanywa kwa densiti (uzito kwa kila ujazo), kwa hiyo densiti peke yake ikiongezeka wimbi hupungua mwendo. Graniti hupitisha mawimbi haraka kwa sababu ni ngumu sana. Maji yanathibitisha hilo: mchanga mkavu ukijaa maji, kasi ya wimbi la P, lile linalobana na kuachia mwamba, hupanda hadi mita 1,500 kwa sekunde au zaidi, lakini ile ya wimbi la S haibadiliki sana, kwa kuwa maji hayana ugumu wa aina hiyo. Anayetafuta maji kwenye bonde kama la Makutupora, karibu na Dodoma, apime yote mawili, maana mwamba uliooza nusu nao unaweza kutoa kasi hiyohiyo ya P, ila S yake huwa juu zaidi.

Kwa tetemeko la karibu, chukua kilomita 6 kwa sekunde kwa wimbi la P na 3.5 kwa wimbi la S: kila sekunde moja kati ya kufika kwao ni kama kilomita 8.4 za umbali, hivyo sekunde 10 ni kilomita 84. Usiipeleke kanuni hiyo mbali. Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilitokea takribani kilomita 700 kutoka hapa, na kwa umbali huo mawimbi yanayofika kwanza hupitia chini ya ganda la dunia, ambako P hukaribia kilomita 8 kwa sekunde. Huko tumia majedwali ya muda wa safari ya mawimbi.