Mate, saa na friza: kwa anayeanza kupima msongo kwa kotisoli

Anayeingia kwenye utafiti wa msongo huuliza kwanza mashine gani inunuliwe. Swali hilo lingoje. La kwanza ni hili: mate yatachukuliwa saa ngapi, na utajuaje kwamba yamechukuliwa saa hiyo kweli? Kazi nyingi za kotisoli, homoni ya msongo inayopimwa kwenye mate, huharibika kabla kichupa hakijafika maabara, na hakuna mashine inayoweza kuzirudisha.

Sababu iko mwilini. Kotisoli hutolewa na tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo, kwa amri inayoanzia kwenye ubongo na kupitia tezi ya pituitari. Haitoki kwa kiwango kimoja mchana kutwa. Mtu akiamka huwa tayari iko juu, kisha hupanda zaidi na kufika kileleni dakika 30 hadi 45 baada ya kufungua macho. Kuanzia hapo hushuka, haraka asubuhi na polepole baadaye, mpaka chini kabisa karibu na usiku wa manane. Tofauti kati ya asubuhi na usiku kwa mtu mmoja mtulivu ni kubwa kuliko tofauti unayoitafuta kati ya wenye msongo na wasio nao. Kwa hiyo sampuli isiyo na saa ya kuaminika ni mate tu.

Hapa Waswahili tuna tatizo letu wenyewe. Mshiriki anasema aliamka saa kumi na mbili na nusu. Msaidizi mmoja anaandika 12:30, mwingine anaandika 6:30, wa tatu anaandika 06:30. Fomu zote tatu zinaingia kwenye kompyuta, na anayechambua takwimu miezi minne baadaye hana namna ya kujua nani alikuwa nani. Kosa la saa sita linageuza kilele cha asubuhi kuwa kiwango cha mchana. Dawa yake ni rahisi. Mshiriki aandike tarakimu anazoziona kwenye simu, bila kuzitafsiri, na simu iwekwe kwenye mfumo wa saa 24 siku ya mafunzo, mbele yako. Asiyesoma apige picha ya kioo cha simu au mtu wa nyumbani amwandikie. Wasaidizi wako wapigwe marufuku kubadilisha saa wakiwa uwanjani. Kama kuna kubadilisha, kufanywe na mtu mmoja, ofisini, kwa kanuni iliyoandikwa. Kisha kabla ya uchambuzi tafuta kila aliyeandikwa kuamka kati ya 00:00 na 03:00 au kati ya 11:00 na 14:00. Wengi wao watakuwa wametumia saa ya Kiswahili.

Kama unapima mpando wa asubuhi, chukua mate mara tatu: mtu anapoamka, dakika 30 baadaye, na dakika 45 baadaye. Ongeza moja kabla ya kulala ili upate mteremko wa siku. Fanya hivyo siku mbili angalau, kwa sababu siku moja ya mtu haimwakilishi. Sampuli ya kwanza ndiyo ya hatari. Aliyekaa kitandani dakika 15 akisoma ujumbe kwenye simu kabla ya kutema ameshaanza kupanda, hivyo msingi wake utaonekana juu na mpando wake mfupi, nawe utaandika kwamba mwili wake umechoka. Zikipita dakika 5 tangu kuamka, iandikwe. Zikizidi 15, iondoe siku hiyo kwenye hesabu ya mpando, ila usitupe sampuli ya usiku.

Na kuamka kwenyewe kuna kazi. Pwani, mtu huamka kwa adhana ya alfajiri, akaswali, akarudi kulala. Mama mwenye mtoto mchanga ameamka mara nne. Kuamka kupi ndiko kuamka? Amua kabla ya kuanza, andika kwenye itifaki, na kwenye fomu weka nafasi mbili: aliamka mara ya kwanza saa ngapi, na alitoka kitandani moja kwa moja saa ngapi. Ramadhani ni afadhali uikwepe kabisa, isipokuwa yenyewe ndiyo swali lako. Daku na usingizi uliohama hubadilisha saa za mwili mzima. Walinzi, wauguzi wa zamu ya usiku na madereva wa masafa wachambue peke yao, kwa kuhesabu saa tangu walipoamka badala ya saa ya ukutani.

Sasa mdomo. Kwa sampuli za mchana, mtu asile kwa saa nzima kabla. Kwa zile tatu za asubuhi asile, asinywe chai wala asipige mswaki mpaka ya mwisho ikamilike. Mswaki hutoa damu kwenye ufizi, na damu ina kotisoli nyingi mno kuliko mate. Tone dogo linapandisha jibu. Mate yenye rangi ya waridi yakatae palepale. Maji ya kunywa yanaruhusiwa ila yasiwe ndani ya dakika 10 za mwisho, maana yatayazimua. Chai ya maziwa ni tatizo kwa sababu maziwa yana homoni za ng'ombe ambazo kipimo kinaweza kuzisoma. Ukwaju, limau na embe bichi huleta uchachu unaovuruga kipimo. Uliza pia tambuu, ugoro, mirungi, sigara, na kwa wajawazito udongo wa kula. Orodha zilizotoka Ulaya hazina vitu hivi, na ukizitumia kama zilivyo hutaviuliza.

Njia bora ya kukusanya ni kuacha mate yatiririke yenyewe. Mtu anakaa, anainamisha kichwa, anaacha mate yajikusanye chini ya ulimi, kisha anayasukuma kwa kipande cha mrija chenye urefu wa sentimita 5 kuingia kwenye kichupa cha mililita 2. Unahitaji mililita 1 bila kuhesabu povu. Kwa wengi ni dakika tatu hadi tano. Kwenye joto la mchana, na kwa mtu asiyekunywa maji tangu asubuhi, huchukua zaidi. Usimpe ubani wa kutafuna wala limau ili kuharakisha. Mwambie afikirie chakula anachokipenda, na umwache. Kumsimamia kunamkausha mdomo. Ukipendelea vipamba vya kufyonza mate, chukua vya nyuzi za viwandani badala ya pamba halisi, kwa kuwa pamba huvuruga homoni nyingine kama testosteroni utakazotamani kuzipima baadaye. Lolote utakalochagua, usilibadilishe katikati ya utafiti.

Kabla ya yote hayo kuna ridhaa, na kwenye ridhaa kuna uchawi. Tuseme wazi: kumwomba mtu mate au nywele zake ni kumwomba kitu ambacho bibi yake alimfundisha asimpe mtu. Wengine watahofia kwamba unapima UKIMWI kwa siri. Fomu iseme kitakachopimwa, kisichopimwa, vichupa vitakaa wapi, na vitaharibiwaje. Zungumza na mwenyekiti wa mtaa kabla, wala usimtume msaidizi mgeni peke yake. Nywele zina faida yake: sentimita 3 za karibu na ngozi, kisogoni, hubeba takriban miezi mitatu ya kotisoli, kwa vile nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi. Ila kwetu wanaume wengi hunyoa, na wanawake wengi hutia dawa na rangi, vitu vinavyopunguza kotisoli ndani ya unywele. Sampuli yako itajaa watoto na wazee. Bakia kwenye mate.

Swali linalosahaulika kuliko yote ni la mafuta ya kupaka. Krimu nyingi za kujichubua, mkorogo kama tunavyouita, zina steroidi kali kama klobetasoli, ambayo hupenya ngozini na kuzizimisha adrenali. Mtumiaji ataonekana na kotisoli ya chini asubuhi, na mtafiti asiyeuliza ataandika kuhusu umaskini na msongo wa muda mrefu. Tena krimu zenye haidrokotisoni zikibaki vidoleni huingia kichupani, na haidrokotisoni ndiyo kotisoli yenyewe. Jibu litatoka juu kupita kiasi. Usiulize «unatumia steroidi?» Uliza «unapaka nini usoni na mwilini?» na umwombe alete kopo. Andika pia prednisoloni, dawa za kuvuta za pumu, vidonge vya uzazi wa mpango na ujauzito. Mikono ioshwe na kukauka kabla ya kushika kichupa.

Kotisoli ni homoni mvumilivu: hustahimili siku kadhaa bila friza. Kinachoharibika ni mate yenyewe, yanaoza na kuota ukungu. Lenga boksi la barafu siku hiyohiyo na nyuzi −20 usiku huo. Usitumie friza inayojiyeyusha barafu yenyewe; hupasha joto mara kwa mara bila kukuambia. Namba iandikwe ubavuni mwa kichupa kwa wino usiofutika, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Lebo za karatasi hubanduka zikigandishwa. Gawa kila sampuli mara mbili na uweke kwenye friza mbili, ikiwezekana majengo mawili. Umeme utakatika. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache ndani ya friza. Ukikuta sarafu imezama, friza iliyeyuka wakati hukuwepo, hata kama sasa kila kitu ni kigumu kama jiwe.

Kazi ya maabara ni fupi kuliko unavyodhani. Kugandisha na kuyeyusha husaidia kuvunja ute. Yeyusha, tikisa, zungusha kwenye sentrifuji kwa 1500 × g dakika 15 (ni g, yaani nguvu ikilinganishwa na mvutano wa dunia, si mizunguko kwa dakika, mizunguko hutegemea ukubwa wa mashine), kisha chota juu bila kugusa mashapo. Vimiminika vya kipimo viachwe vifike joto la chumba kabla ya kufunguliwa. Kwenye ELISA ya kotisoli (kipimo cha rangi kwenye sahani yenye visima vidogo) rangi huenda kinyume: kisima chenye rangi kali kina kotisoli kidogo, kwa sababu kotisoli ya mshiriki hushindania nafasi na ile iliyotiwa kimeng'enya. Wanafunzi husoma kinyume kila mwaka. Pima kila sampuli kwenye visima viwili. Vikitofautiana kwa mgawo (mchepuko sanifu ukigawanywa kwa wastani) wa zaidi ya asilimia 10, rudia. Sampuli zote za mtu mmoja zikae sahani moja, na kila sahani iwe na watu wa makundi yote. Ukiweka wagonjwa Jumatatu na wazima Jumanne, umepima Jumatatu na Jumanne.

Kisha vizio vya vipimo. Mashine ikitoa mikrogramu kwa desilita, zidisha kwa 27.59 kupata nanomoli kwa lita. Mate ya asubuhi mara nyingi huangukia kati ya 5 na 20 nanomoli, ya kulalia hubaki chini sana. Ukiona asubuhi 0.4, hujabadilisha. Ukiona 300, tafuta damu au krimu. Data huegemea upande mmoja, kwa hiyo tumia logi (logarithimu) kabla ya kulinganisha wastani.

Usitarajie dodoso likubaliane na mate. Kipimo cha msongo cha maswali 10 kinachotumika sana, cha alama 0 hadi 40, kinauliza hisia za mwezi mmoja. Mate yanasema ya dakika 20 zilizopita. Na tafsiri ya dodoso ni shughuli. «Nina mawazo» kwa Kiswahili ni malalamiko, «nina wazo» si malalamiko, na mfasiri wa harakaharaka huvichanganya. Mpe mtu mwingine tafsiri hiyo airudishe kwenye lugha ya asili bila kuiona ya kwanza. Pia msongo wa muda mrefu unaweza kuishusha kotisoli ya asubuhi, hivyo sentensi «kotisoli juu, msongo juu» isionekane popote kwenye ripoti yako.

Wengi sasa wanataka kupima wahudumu wa afya wakati wa mlipuko wa ugonjwa. Angalia kalenda kwanza. Marburg, homa kali ya virusi, ya Kagera nchini Tanzania ilitangazwa tarehe 21 Machi 2023 na kutangazwa kwisha 2 Juni: siku 73. Ile ya 2025, mkoa huohuo, ilitangazwa 20 Januari ikaisha 13 Machi: siku 52. Kibali cha maadili kutoka NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) kwa upande wa Tanzania Bara, au leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) na kibali cha kamati ya maadili kwa Kenya, na mkataba wa kusafirisha sampuli kama zinatoka nchini, havipatikani kwa wiki moja. Anayeanza kuandika pendekezo siku ya tangazo ataupata mlipuko umeisha. Itifaki ipitishwe wakati wa utulivu, na sampuli za msingi zichukuliwe wakati huohuo; bila hizo huna cha kulinganisha.

Mlipuko ukija, usikusanye mate ndani ya eneo la wagonjwa, wala kwa mhudumu mwenye homa, wala kwa aliye kwenye siku 21 za kufuatiliwa baada ya kukutana na mgonjwa. Mate ya mtu wa aina hiyo ni hatari kwa kila atakayeshika kichupa mpaka maabara. Kwa wazima waliobaki, kumbuka kwamba joto ndani ya mavazi ya kujikinga na upungufu wa maji mwilini hupandisha kotisoli bila hofu yoyote. Andika dakika alizokaa ndani ya vazi, joto la chumba, na uzito wake kabla na baada ya zamu. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho.