Kwa nini mjomba wako aliiacha bahari

Mwanangu mpendwa,

Mbukwa. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema msibani ulimsikia mtu akinong'ona kwamba mjomba wako alifukuzwa jeshini, ndiyo maana akaishia benki, na unauliza kama ni kweli. Si kweli. Na imeniuma kwamba maneno hayo yalisemwa udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi.

Kaka alianza na mbio. Mwaka 1974 Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, sisi hapa Kikombo tulizisikia habari kwenye redio ya mwalimu. Kaka hakushangazwa na rekodi. Alishangazwa kwamba Bayi aliongoza tangu mwanzo mpaka mwisho, hakumvizia mtu. Akaanza kukimbia hivyo kandokando ya reli kila alfajiri. Alipofika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikimbia vilevile. Mara nyingi alipitwa mzunguko wa mwisho, wala hakubadilika.

Baada ya chuo alikwenda Monduli kusomea uofisa, kisha akapangiwa wanamaji, Kigamboni. Mgogo baharini! Sisi tuliokua tukifukua mchanga wa korongo kutafuta maji ya kunywa. Aliniambia miezi ya mwanzo alitapika kila chombo kilipotoka bandarini. Kazi zao nyingine hakuzisimulia, nami siwezi kumzulia.

Likizo ya kwanza alimletea bibi yako maji ya bahari kwenye chupa. Macho ya mama yalikuwa yameshaanza kwenda kwa vikope, ugonjwa uliowatesa sana watu wa huku kwetu, inzi wengi na maji ya kunawa hakuna. Kope zinageukia ndani, zinakwaruza jicho mpaka linaingia ukungu. Mama akachovya kidole, akalamba, akacheka: "Kumbe bahari ni chumvi ya Bahi!" Zamani chumvi yetu ilikwanguliwa kwenye mbuga za Bahi wakati wa kiangazi.

Miaka miwili baadaye mama hakuona tena. Baba alikuwa ameshafariki. Mimi nilikuwa darasa la sita, na ndiye niliyemshikia fimbo kwenda kisimani, kwenda zahanati, kwenda kwa jirani. Shule nilikwenda nilipopata nafasi. Kaka alikuja likizo, akachukua daftari langu la hesabu, akawa anafunua kurasa na kusoma tarehe moja baada ya nyingine. Hakuniuliza kitu. Aliporudi kambini akaandika kuomba kuacha jeshi, akakubaliwa. Barua ya kumruhusu ninayo sandukuni, na haina neno baya hata moja.

Kwa hiyo, mwanangu, aliyeitoa bahari mikononi mwake ni mimi. Sikuwahi kukwambia, maana yeye mwenyewe hakutaka nitajwe.

Benki hapa Dodoma alianzia dirishani, akihesabu noti, baadaye akawekwa kwenye mikopo. Wale wazee wa Hombolo uliowaona wakilia walikuwa wakulima wa zabibu. Zabibu huku huvunwa mara mbili kwa mwaka, sasa utamdaije mtu marejesho kila mwisho wa mwezi, achume nini alipe? Kaka alibishana na wakubwa wake mpaka wakakubali marejesho yafuate mavuno. Jumamosi alikwenda mwenyewe shambani kuangalia mizabibu, na jioni alikuwa nyumbani kumsomea mama Biblia.

Nami nikamaliza shule, nikawa mwalimu, nikakuzaa wewe.

Ile chupa ipo kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni. Maji yalikauka zamani, chini kumebaki utando mweupe wa chumvi. Ukija Pasaka nitakupa uishike.

Mama yako