Programu ya kuandikia kwa mama katibu wa kikoba
Dada, umeuliza mama wa Moshi anayeogopa kompyuta na anaandika mihtasari ya kikoba tu aanze na programu gani ya kuandikia. Mwanzishie Notepad, programu ndogo ya maandishi matupu. Imo tayari ndani ya Windows. WordPad, programu nyingine ya kuandikia, usimfundishe, Microsoft waliiondoa kwenye Windows 11 toleo la 24H2.

Kabla hajagusa kitu, washa Word Wrap, inayokunja mstari ukifika ukingoni. Bila hiyo mstari unakimbilia kulia nje ya kioo, naye atadhani maneno yamepotea. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Herufi azikuze kwa Ctrl na alama ya kujumlisha. Abonyeze Ctrl+S kila amalizapo aya, maana umeme ukikatika, kisichohifadhiwa kinaweza kupotea. Faili lake la .txt litafunguka steshenari yoyote mjini. Hesabu za hisa zibaki kwenye daftari kwanza.