Nimeitwa kuwa mzee wa baraza kesi ya mauaji, nikikacha inakuwaje?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi niko Mafinga, wilaya ya Mufindi, nina miaka 44, kazi yangu mbao, nina dingdong yangu moja, mashine ya kupasua mbao, huku porini. Juzi nimepigiwa simu eti jina langu limepelekwa niwe mzee wa baraza kwenye kesi ya mauaji, Mahakama Kuu wanakuja kukaa huku kwetu. Nikasema nina safari ya Songea, ukweli sina safari yoyote. Mke wangu anasema nikienda nikatamka kijana wa watu ana hatia afu akanyongwa, ukoo wao hautatuacha. Je, nikikacha naweza kuwekwa ndani? Na mimi ndo nitakayemfunga mtu, kama wale watu 12 wa kwenye muvi za Kimarekani? Isitoshe mzee mwenyewe sio.

JIBU: Marahaba kaka, kamwene. Hiyo safari ya Songea ifute leo leo kabla hujaulizwa tiketi.

Tuanze na uzee maana hapo ndo pepesi. Hilo ni jina tu la kazi, wengine wanasema washauri wa mahakama. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mtu wa kati ya miaka 21 na 60, kwahiyo na 44 zako umo ndani kabisa, hata kijana wako wa mashine akiwa na 23 anaweza kuitwa. Wanaoachwa ni kama viongozi wa dini walio kwenye huduma, madaktari, mawakili kama mimi, polisi, wanajeshi. Wapasua mbao hawamo, pole.

Sasa hao watu 12. Hao sisi hatunao. Uingereza na Marekani wale ndo wanaoamua mtu ana hatia au hana, jaji anabaki na sheria na adhabu. Kwetu Mzee wa baraza anakaa pembeni ya jaji, anasikiliza mashahidi wote, mwisho jaji anawafupishia ushahidi na kuwaelekeza sheria, afu anamuuliza mmoja mmoja, wewe maoni yako nini? Unasema kwa mdomo, palepale, mshtakiwa anasikia. Jaji halazimiki kufuata ulichosema, hata mkisema wote hana hatia bado anaweza kumtia hatiani, ila kwa utaratibu uliozoeleka anatakiwa aandike kwa nini katofautiana na nyie. Na adhabu ya kunyongwa kwenye mauaji ya kukusudia imewekwa na sheria yenyewe, hata jaji hapo hana pa kuchagua akishamtia mtu hatiani, sembuse wewe.

Kwahiyo mwambie shemeji hivi: anayehukumu ni jaji. Wewe unatoa maoni.

Lakini usije ukaelewa kwamba basi ni urembo. Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa, zamani kila kesi ya jinai Mahakama Kuu ilikuwa lazima wawepo wazee, siku hizi sio lazima tena. Kwahiyo mkiitwa sasa hivi mjue mmeitwa kwa sababu mnatakiwa. Na zile kesi za zamani Mahakama ya Rufani imefuta nyingi sana kwa ajili ya wazee wa baraza tu, mara jaji hakuwaelekeza vizuri, mara wazee wenyewe waliachwa wakambana shahidi maswali kama mawakili wakati kazi yao ni kuuliza pale wasipoelewa. Mtu kakaa rumande miaka, kesi imeisha, inarudi mwanzo. Nimewahi kukaa kwenye benchi la nyuma mchana baada ya kula, joto la bati, mzee mmoja wa kulia kabisa kidevu kiko kifuani, wakili wa utetezi anamwangalia anatabasamu, nikajua huyu anajiwekea akiba ya rufaa.

Na wapo wanaoamka. Kuna mama mmoja, kesi siitaji, alijifunga kitenge cha pili mabegani muda wote na siku tatu hakufungua mdomo. Shahidi akasema alimtambua mshtakiwa saa mbili usiku kwa mbalamwezi, umbali wa kama hatua ishirini. Mawakili wote tumeuliza mbalamwezi ilikuwa kali kiasi gani, tumeridhika. Mama akanyoosha mkono akauliza swali moja tu, mwezi wa sita ukungu wa huko kwenu mlikuwa mmeupeleka wapi? Chumba kizima kimya. Shahidi akaanza kusema ukungu ulikuwa kidogo, halafu ulikuwa mbali, halafu ulikuja baadaye. Sisi tuliotoka mjini na suti zetu hakuna aliyewaza ukungu, na wewe wa Mufindi unajua mwezi wa sita ukungu ukishuka hata ng'ombe wako mwenyewe unampapasa.

Haya, kukacha. Sheria inasema mzee asipofika na haiwezekani kumlazimisha afike mara moja, kesi inaendelea na waliobaki. Soma vizuri hayo maneno, kumlazimisha, maana yake mahakama ina meno ya kukuleta, wito ule sio kadi ya harusi. Wakikosekana zaidi ya mmoja ndo balaa, kesi inasimama na inaanza upya na wazee wengine, mashahidi wote warudi, yule mama wa marehemu asimulie tena kila kitu. Kwahiyo ukitaka kutoka toka kabla haijaanza, sio katikati.

Na kutoka kihalali kupo, watu hawajui tu. Kama unamfahamu mshtakiwa, au marehemu mliuziana mbao, au ni ndugu wa mkeo hata wa mbali, unasimama siku ya kwanza unamwambia jaji. Mshtakiwa naye huwa anaulizwa kama ana pingamizi na mzee yeyote, anaweza kukukataa bila ugomvi. Ugonjwa, msiba, mgonjwa anayekutegemea, peleka kwa karani wa mahakama mapema, kwa maandishi ikiwezekana na karatasi ya hospitali. "Nina dingdong" ni sababu dhaifu lakini iseme, jaji ni binadamu, anaweza kukuelewa au asikuelewe.

Mimi siwacheki wanaokwepa. Watu wanasema Watanzania wavivu wa mambo ya umma, sio kweli, mbona msibani tunajaa. Tatizo posho ni ya nauli na chai, kesi inaahirishwa, unarudi kesho, mashine imelala na mafundi wanataka hela yao. Hata huko kwenye hela wanakwepa, Uingereza usipofika bila sababu faini inafika pauni 1,000, na mahakama za shirikisho Marekani wanalipa dola 50 kwa siku na bado watu wanatafuta visingizio. Halafu kwetu kuna hilo la mkeo, watu mnaonana sokoni, kanisani, kwenye kilabu cha ulanzi. Anayekaa kwenye lile jopo la 12 la London harudi kukutana na shangazi wa mshtakiwa kwenye foleni ya kusaga mahindi. Ila wapo pia wanaogombania hiyo nafasi, walimu wastaafu hasa, na sio wabaya hata kidogo, wanaandika kila kitu kwenye daftari.

Usichanganye na wazee wa baraza la ardhi na nyumba la wilaya, wale maoni yao ni ya maandishi na lazima wadaawa, yaani wenye kesi, wayajue. Huku kwetu ilitokea kwenye rufaa ya madai namba 287 ya 2017 dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya, Mahakama ya Rufani ikafuta mwenendo wote kwa sababu hiyo.

Kuhusu ukoo wao, mtu akikutumia ujumbe, akija nyumbani usiku, akileta hata kuku, usimjibu na usimpokee, nenda kwa karani au polisi siku hiyohiyo na umwambie jaji asubuhi. Hilo ni kosa la kwao, sio lako. Na wewe usikae kijiweni ukasimulia ushahidi ulivyoenda, hapo ndipo wengi wanapojichongea wenyewe, mzee anatoka mahakamani saa tisa, saa kumi anachambua kesi kwenye meza ya bao.

Mpigie huyo aliyekupigia, mwambie safari imeahirishwa, muulize tarehe na saa. Mashine mwachie fundi.