Ukija duka la dawa usiseme "nipe za jero"

Nauza dawa mtaani hapa Morogoro, na kauli ninayoisikia kuliko zote ni "dada nipe amoksi za jero", yaani amoksilini za shilingi mia tano. Hajapima, hajaonwa na daktari, ana mafua na koo linawasha, anataka vidonge vichache vya kuanzia. Ukimkatalia anavuka barabara anapewa duka la jirani, hilo nalijua, ila bado nakataa maana hii kitu inaniuma kweli.

Mafua yanaletwa na virusi na amoksilini ni antibayotiki, inaua bakteria, kwa hiyo ukimeza ukapona ujue yangeisha yenyewe tu ndani ya wiki moja au zaidi kidogo, ila sifa inapewa dawa. Wakati huohuo mwilini mwako kuna bakteria kibao, kooni, tumboni, ukiwapa dawa kidogokidogo wanakufa wale dhaifu, wanabaki wale sugu na ndo wanaozaliana, af unawaambukiza na wa nyumbani. Huo ndo usugu wa vimelea dhidi ya dawa, wataalamu wanauita UVIDA. Mwaka 2019 pekee inakadiriwa watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu bakteria waliowapata walishazoea dawa, na ukanda wetu huu wa Afrika kusini mwa Sahara ndo ulioumia zaidi. Kichanga akipata maambukizi kwenye damu, dawa ya kwanza ikigoma na ya pili ikigoma, hakuna muda wa kujaribu ya tatu.

Tumbo la mtoto nalo. Akiharisha majimaji mama anakuja mbio anataka Flagyl. Mara nyingi ni virusi, mama yangu, mpe ORS, pakiti ya lita moja uikoroge kwenye lita moja kamili ya maji safi na salama, sio kwenye kikombe, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekata. Endelea kumnyonyesha. Ukiona damu kwenye choo, au macho yameingia ndani, au hanywi kabisa, hapo usije kwangu, nenda hospitali.

Sasa malaria, na hapa ndo tunagombana na wateja kila siku. "Mimi malaria yangu naijua." Hapana ndugu yangu, homa inaweza kuwa nimonia, dengue, UTI, vitu vingi tu, na tangu 2010 WHO wanasema mtu apimwe kwanza ndo apewe dawa. Kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole hakimalizi nusu saa, zahanati wanacho. Kikitoka hakuna malaria, usilazimishe mseto (ALu, dawa ya malaria ya jamii ya artemisini), muulize daktari homa inatoka wapi.

Na ukikutwa nayo maliza dozi. Mtu mzima mseto ni vidonge 24, vinne asubuhi vinne jioni kwa siku tatu, ila dozi ya pili unameza yakipita masaa nane tangu ile ya kwanza, hii wengi hawaambiwi. Meza na chakula chenye mafuta kidogo, chapati, maziwa, karanga, dawa inaingia vizuri mwilini. Wengi siku ya pili wanajisikia freshi wanamwekea mtoto vilivyobaki kabatini, tafadhali msifanye hivyo, kwa sababu Kagera, hapahapa nchini kwetu, na Rwanda na Uganda pia, watafiti wameshakuta vimelea vya malaria vinavyochelewa kufa hata mtu akimeza dawa hizi za artemisini. Dawa ya kukimbilia baada ya hizi hatunayo nyingi.

Najua hela ni shida, na foleni ya zahanati inakula siku nzima ya kazi. Basi ukija dukani kwetu anza kwa kusema unaumwa nini, tangu lini, umeshameza nini, kama una mimba au unanyonyesha, muuzaji mzuri atakuuliza kabla ya kukuhesabia vidonge. Ukikuta anayekukatia vidonge vitano vya antibayotiki bila swali lolote, tafuta duka lingine.