Jibu kwa aliyeuliza: Teisco na ampu ya valvu, anunue?

Ndugu yangu wa Chake Chake, umeuliza kama ununue gitaa la umeme la Teisco (kampuni ya Kijapani) na ampu ya valvu (kikuza sauti chenye chupa za kioo zinazowaka, kama redio za zamani), vyote vimeshuka na kontena la mitumba kutoka Japani. Gitaa chukua. Ampu nayo chukua, lakini usiichomeke kwenye umeme mpaka umalize kusoma hapa.

Mimi niko Mjini, Unguja. Ninayo magitaa manne ya namna hiyo na ampu mbili. Ampu ya tatu niliiua mwenyewe. Nyuma imeandikwa volti 100, mimi nikatafuta adapta ya plagi tu, nikaiwasha kwenye umeme wetu wa 230. Valvu ziling'aa sana, kisha chumba kizima kikanuka vanishi iliyoungua. Transfoma imekwenda. Iliniuma, maana ilikuwa nzima. Basi kwanza tafuta transfoma ya kushusha 230 hadi 100, yenye wati kuzidi zile ampu inazokula.

Pili, usiifungue mwenyewe. Hata ikichomolewa, kapasita zake, vile vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme, huweza kubaki na volti 300 na zaidi, na hizo zinaua. Mpelekee fundi aliyezoea redio za valvu. Mwambie abadilishe kapasita za elektroliti, kwa umri huo huwa zimekauka, na atie waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, kwani nyingi za Japani zilikuja na nyaya mbili tu. Siku ya kuiwasha aipitishie umeme kwenye balbu ya wati 60 ya aina ya zamani, ile ya waya unaowaka ndani, si LED. Balbu ikiwaka kali ikabaki hivyo, kuna shoti. Ikiwaka kisha ikafifia, shukuru.

Gitaa sasa. Teisco ilianza 1946, na 1967 ikachukuliwa na Kawai, kampuni nyingine ya ala za muziki ya Japani. Watu huyadharau magitaa yake kwa kuwa si Fender, yale ya Marekani yenye jina kubwa. Mimi langu lina pikapu (sumaku za chini ya nyuzi zinazonasa sauti) zenye bati la rangi ya dhahabu usoni, sauti yake nyembamba, ina mkwaruzo mdogo mwishoni. Kwenye taarabu hukaa chini ya fidla na akodiani bila kuzimeza. Fender ya rafiki yangu haijaweza hivyo.

Kabla ya kulipa, lielekeze kama unayelenga shabaha, utazame shingo kutoka kichwani hadi kwenye mwili. Ikiwa imepinda kama upinde, omba upunguziwe bei au liache. Kutu isikutishe, huku kwetu chumvi haimwachi mtu. Langu nilivua vikaza nyuzi kimoja kimoja, nikavisugua kwa mswaki na mafuta ya cherehani hadi vikazunguka laini. Wakati wa masika nalifungia ndani ya mkoba wake pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Ukishainunua ile ampu niandikie namba zilizo kwenye valvu. Zikiwa 6BQ5 usihangaike kutafuta hizo hizo, ni sawa na EL84, nami ninazo mbili za akiba.